Maji ya Kikombe cha Uji

Nilirudi nyumbani nikiwa na begi mgongoni, kiroba cha vitabu kichwani na tumbo lililofika getini kabla yangu. Mama alikuwa mgombani akikata majani ya ng'ombe. Alinyoosha mgongo, akanitazama kuanzia kwenye ndala hadi kwenye kiroba, panga bado mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kiroba kina nini?"

"Vitabu."

"Umeviokota wapi?"

"Sijaviokota. Nimenunua Kwa Mrombo, sokoni."

"Na hilo tumbo nalo umenunua Kwa Mrombo?"

Hakuwa mbali na ukweli. Baba wa mtoto nilimpata huko huko. Ni fundi magari, na gereji yake iko nyuma ya wauza mitumba, jirani na mzee mmoja anayetandaza vitabu chakavu kwenye turubai. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nafungua kimoja baada ya kingine, yeye kalala chini ya gari. Kila nikifungua kitabu, sauti inatoka huko chini: "Dada, hicho kinasemaje?" Nikawa namsomea. Wasichana wengine hutongozwa kwa chipsi mayai. Mimi nilitongozwa na miguu miwili iliyochomoza chini ya gari, ikitaka kujua kilichofuata.

Shule niliiacha kidato cha pili. Hakuna mkasa nyuma yake, ingawa watu wakinisikia hupenda kuwe na mkasa. Nilichoka kukaa tu. Mwalimu alikuwa anatembea na sura moja mwezi mzima kama mtu anayechunga mbuzi mgonjwa, na mimi kitabu chenyewe nilikuwa nimeshakimaliza na kukisahau. Nikaondoka. Nimekata waridi kwenye mashamba ya maua Usa River. Nimefua mashuka ya watalii kwenye loji. Nimeuza chai kwa wachimbaji Mererani, nimepika kambini Babati, nimekwenda hadi Tanga kwa sababu sikuwahi kuiona bahari. Nilipoiona nikaona ni maji mengi tu yasiyonyweka, nikarudi.

Kila nilikofika nilisoma kilichokuwepo. Kwenye mashamba ya maua nilisoma maelekezo ya dawa za wadudu mpaka msimamizi akaniuliza kama naitaka kazi yake. Kwenye loji nilisoma vitabu walivyoacha wageni, vingine vya lugha nisiyoijua hata neno, nikawa naangalia tu mahali aya zilipokatika na kukisia kwamba hapo mtu kafa. Kiroba nilichorudi nacho kilikuwa na mwongozo wa ufugaji nyuki, kitabu cha wakunga, historia ya nchi ambayo sidhani kama bado ipo, na riwaya kadhaa zisizo na majalada.

Tulikubaliana na fundi kwamba nitajifungulia kwa mama, kwa sababu chumba chetu cha Kimandolu kina dirisha linalotazama mashine ya kusaga, na hakuna mtoto anayestahili kuzaliwa akisikia ile kelele akadhani ndiyo dunia. Kwa hiyo nikazaa binti, na nikaingia uzazini.

Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, mwanamke aliyejifungua huwa kitu kati ya malkia na mfungwa. Hatoki nje ovyo. Halimi, hachoti maji, hakati majani. Analishwa mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mtori mchana, na jioni akilalamika analetewa loshoro, ambayo ni mahindi na maziwa ya mgando, kisha anarudishwa kwenye mtori. Halafu kuna kukandwa. Mama anachemsha maji mpaka yanatukana, anachovya kitambaa, anakukandamiza nacho tumboni kwa uzito wake wote, na wakati unapiga kelele anakueleza habari za majirani.

"Mama, unanichoma!"

"Tumbo lirudi. Unataka kutembea mjini kama una mtoto mwingine humo?"

"Kitabu cha wakunga kinasema tumbo linarudi lenyewe."

"Hicho kitabu kimezaa wangapi?"

Kitu kimoja tu kilipigwa marufuku kabisa: kusoma. Mama alisema mzazi akisoma macho yanaharibika na maziwa yanakata. Nilimuuliza nani kasema, akajibu kila mtu. Basi nikawa nasoma chini ya khanga, mtoto ziwani na kitabu juu ya mtoto, na Mama akiingia nafunika vyote viwili. Maziwa hayakukata. Yalikuwa mengi hadi kitabu cha nyuki kikaloa sura nzima ya malkia.

Nilipoona maziwa yananitetea, nikaanza kumsomea mtoto kwa sauti. Kulikuwa na riwaya moja ya ndugu wawili, mmoja akamkimbia mwenzake na ng'ombe wote wa marehemu baba yao. Mama alikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akimenya ndizi. Siku moja nikanyamaza katikati ya ukurasa kwa sababu mtoto alikuwa ameshalala. Kisu nacho kikanyamaza.

"Sasa?" Mama akasema kutoka jikoni.

"Sasa nini?"

"Huyo mwizi. Alikamatwa?"

"Wewe si umesema nisisome?"

"Nimesema usisome. Sijasema usimalize."

Tatizo ni kwamba riwaya yenyewe haikuwa na kurasa za mwisho. Wauza maandazi wa Kwa Mrombo huzinyofoa kufungia. Nikalazimika kubuni. Nilimfanya mwizi akatubu, akarudisha ng'ombe, wakakumbatiana. Mama akasonya. Akasema huyo mtunzi hajawahi kuibiwa ng'ombe. Nikarudi nyuma nikamtumbukiza mwizi kwenye mto uliofurika, na hapo Mama akaendelea kumenya ndizi kwa amani.

Nieleze kuhusu imani, maana mtu akisikia maneno yangu hufikiri nimeitupa. Sijaitupa. Mungu namwamini, tena sana. Ninachoshindwa ni kukaa kimya mbele yake. Mama ndiye mwenye imani iliyonyooka. Yeye ni Mlutheri wa kukaa benchi la pili kutoka mbele, kwenye umoja wa wanawake ni mweka hazina, na wakati wa mavuno mkungu wake ndio unaogombewa kwenye mnada baada ya ibada. Mimi nilikuwa yule anayeuliza kwenye masomo ya jumuiya kwa nini katika habari zile zote watu wanakula kila ukurasa na mpishi hatajwi. Hakuna aliyewahi kunijibu. Walinipa kuongoza wimbo ili ninyamaze.

Jumuiya yetu ni nyumba chache za mgombani ambazo hukutana kila wiki kwa sala. Mtoto alipotimiza umri wa kuonwa na watu, walikuja kwetu. Wanawake walileta maziwa, sukari na sabuni. Mzee wa kanisa, jirani yetu mwenye kahawa nyingi, anayevaa koti la suti hata kwenye tope, alimbeba mtoto, akamsifia pua, akamrudisha. Kisha akamgeukia Mama kana kwamba mimi ni kabati.

"Bwana Yesu asifiwe, mama. Sasa mzazi wake atarudi lini kundini?"

"Mimi nipo hapa mzee," nikasema. "Niulize mimi."

Kwa asiyejua: katika usharika wetu, msichana akizaa bila ndoa anahesabiwa kuwa nje ya kundi. Hashiriki meza ya Bwana, na mtoto wake habatizwi mpaka yeye mwenyewe asimame mbele ya kanisa zima siku ya Jumapili, aulizwe kama anajuta, ajibu ndiyo, aombewe, kisha watu wapite kumpa mkono. Haichukui muda. Matangazo ya wiki ni marefu zaidi. Wenzangu wengi nilioanza nao Sunday school wamesimama pale, wakajibu, wakapewa mikono, wakaenda nyumbani kupika.

"Sawa, wewe," akasema mzee. "Jumapili ya ubatizo inakuja. Tukuandike?"

"Nikiulizwa kama najuta, nijibu nini?"

"Utajibu ndiyo."

"Najuta nini?"

"Dhambi, binti yangu."

"Dhambi ipi, mzee? Maana wakati nasema ndiyo nitakuwa nimembeba mkononi, na ana masikio."

Mzee akavuta pumzi. Ni mtu mwema, niseme ukweli. Kahawa yetu yeye ndiye huipeleka mnadani na ya kwake.

"Mtoto si dhambi. Mtoto ni zawadi. Dhambi ni lile tendo."

"Lile tendo nalo, mzee, sijutii sana."

Mwanamke mmoja alikohoa ndani ya khanga yake hadi akalazimika kutoka nje. Mama aliangusha mfuniko wa chupa ya chai, ukabingirika chini ya kitanda, na akainama kuutafuta kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Tuliimba wimbo wa kufunga.

Nilisubiri ugomvi. Haukuja. Mama aliosha vikombe, akavikausha, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda, na alipoanza kusema hakunitazama.

"Pale nyuma ya choo cha zamani, penye ile migomba isiyokatwa. Unapajua?"

"Napajua."

"Yuko kaka yako pale."

Nilijua kulikuwa na mtoto kabla yangu. Sikujua yuko wapi. Mama akaniambia alikuwa mdogo kama huyu wangu, akashikwa na kifua, akaenda. Alikuwa hajabatizwa kwa sababu wakati ule baba yangu alikuwa ametengwa na kanisa kwa ajili ya pombe, naye kila wakikaribia kumrudisha anakwenda tena kilabuni. Mchungaji hakuja kuzika. Kengele haikupigwa. Walizika wenyewe, yeye, baba na bibi.

"Kama tunafukia magimbi," akasema. "Hakuna aliyeimba hata ubeti. Sasa nisikilize. Mimi sijali utasema nini pale mbele. Sema unajuta kuzaliwa. Sema unajuta kuwa na mimi kama mama. Lakini huyu abatizwe."

Mimi ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo nilisema "Ndiyo mama" tu, na nilimaanisha kwamba nimesikia, siyo kwamba nitafanya.

Fundi alipokuja Jumapili na nyama na nepi, Mama alimpokea kwenye kibaraza kama kawaida. Hakuwahi kumwita jina wala mkwe. Alikuwa anamwita "yule wa magari". Nilimweleza fundi jambo lote. Yeye aliona ni rahisi.

"Twende wote tukasimame. Mimi nitajuta chochote wanachotaka. Unajua nimejuta mara ngapi mbele ya trafiki?"

"Trafiki si kanisa."

"Ndiyo. Kanisani hawachukui leseni."

Nikajaribu. Sitaki anayesoma hapa afikiri nilikuwa shujaa. Asubuhi moja nilikaa na mtoto ziwani, nikasema lile neno kwa sauti, kulizoea tu, kama mtu anavyojaribu kiatu dukani. Najuta. Mtoto aliacha kunyonya, akanitazama kwa macho yake yale ya mzee wa baraza, tone la maziwa kidevuni. Nikamwambia samahani. Akaendelea kunyonya. Jumapili ya ubatizo ikapita sijaandikwa, na Mama akawa ananipikia mtori bila kunieleza habari za majirani. Hiyo ndiyo adhabu aliyoichagua, na niliisikia.

Kisha mvua za masika zikaja, na mtoto akashikwa na kifua.

Alianza na mafua, na mimi nikafungua kitabu cha wakunga nikasoma sura ya mafua. Kufikia asubuhi alikuwa anapumua haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, na hiyo ilikuwa sura nyingine ambayo sikutaka kuifungua. Mama hakusubiri kitabu. Alimfunga mgongoni, akaning'iniza mkononi kikapu chenye chupa ya uji na kikombe, tukashuka kwenye tope hadi barabarani, na bodaboda ikatupeleka sote hospitalini, mtoto katikati yetu kama kitumbua ndani ya karatasi.

Walimpokea, wakamwekea hewa puani. Muuguzi akaniandikia dawa za kuchukua dirishani, na dirishani kulikuwa na foleni. Nilisimama pale nikasoma kila bango la ukutani. Nawa mikono. Nyonyesha maziwa ya mama pekee. Usiteme mate. Nilizisoma zote kwa mpangilio na kinyume cha mpangilio, kwa sababu kila nilipoacha kusoma niliona migomba isiyokatwa.

Niliporudi wodini, Mama alikuwa ameinama juu ya kitanda. Utosi wa mtoto ulikuwa umelowa, nywele zimelala. Mama alikuwa anafuta kile kikombe cha bati kwa pindo la khanga.

"Amemwagikiwa nini?"

"Nampoza homa."

Na mimi, mjuzi wa dunia, nikampa somo. Nikamwambia kitabu kinasema maji yawe vuguvugu na mtoto afutwe mwili mzima, siyo kichwa tu. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Sawa mwalimu," akaweka kikombe kikapuni.

Mtoto alipona. Sindano zilifanya kazi yake, kifua kikafunguka, tukarudi mgombani, na baada ya muda akaanza kunenepa upya. Mama naye akarudia habari za majirani. Mtu angedhani nimeshinda. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwenye ile foleni ya dawa, na sikuweza kuisahau. Nilifanya hesabu yangu: neno moja, mara moja, mbele ya watu ambao nusu yao watakuwa wanafikiria chakula cha mchana. Mama alizika mmoja bila wimbo. Sikuwa na haki ya kumwekea hofu hiyo mara ya pili kwa sababu tu ulimi wangu una kiburi. Mtoto akikua nitamweleza kwamba nilidanganya, na ataelewa, kwa kuwa atakuwa amenizoea.

Jumuiya ilipokuja tena kwetu, mzee wa kanisa hakuuliza kitu. Alikuwa ameshaniogopa. Ni mimi niliyesema.

"Mzee, niandike. Nitasimama."

Wanawake wakaanza kupiga makofi. Mmoja akafungua kinywa kwa kigelegele.

"Usimwandike," akasema Mama.

Kigelegele kikafia njiani.

"Usimwandike kwa ajili ya ubatizo," akarudia. "Mtoto ameshabatizwa."

"Na nani?" mzee akauliza.

"Na mimi. Hospitalini."

Nimekaa kwenye mikutano ya wachimbaji waliodhulumiana jiwe, lakini sijasikia kelele kama ya jumuiya ya sala siku ile. Kila mtu anajua kwamba mtoto akiwa hatarini na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Tunafundishwa jambo hilo kwenye kipaimara. Ila hakuna aliyetegemea mtu atalitumia. Mzee alitaka kujua kwa nini hakutoa taarifa. Mwanamke wa kikohozi alitaka kujua maji yalitoka wapi. Mama akajibu, bombani. Aliyachotea nini? Kikombe. Kikombe gani?

"Cha uji," akasema Mama, na hapo mambo yakaharibika.

Mchungaji aliitwa. Ni kijana, alikuja na pikipiki yake, suruali imelowa hadi magotini, akapewa kiti na chai. Mzee akamweleza kesi.

"Maji yalikuwepo?" mchungaji akamuuliza Mama.

"Yalikuwepo."

"Ulitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu?"

"Wote watatu."

"Mchungaji," mzee akaingilia, "kikombe kilikuwa na uji."

"Uji ulikuwa umekwisha," Mama akasema.

"Ulikiosha?" mzee akauliza.

"Nilikisuuza."

"Kwa sabuni?"

"Baba, mtoto anakata roho, mimi nizunguke hospitali natafuta sabuni?"

Mchungaji alitazama ndani ya chai yake kwa muda. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Aliponyanyua uso alikuwa mchungaji tena. Akasema ubatizo umekamilika, haurudiwi. Kilichobaki ni kuutangaza kanisani na kumwombea mtoto. Akamuuliza Mama kwa nini hakunyamaza tu, mtoto akabatizwa Jumapili na wenzake bila mtu kujua.

"Nitamrudishaje tena?" Mama akasema. "Si itakuwa namwambia Mungu mara ya kwanza hakusikia?"

Nilikuwa nimepiga hesabu zangu zote za kiburi na huruma, na mwanamke huyu alikuwa amemaliza kila kitu kwa kikombe cha bati wakati mimi nasoma bango la kutema mate.

"Bado mama mtoto," mzee akakumbusha. "Amesema atasimama."

"Nilisema kwa ajili ya mtoto," nikajibu. "Mtoto ameshaingia. Mimi nipeni muda nifikirie."

"Ufikirie nini tena?"

"Kama najuta."

Mchungaji akasema leo tunamzungumzia mtoto, habari za mama yake zina siku yake. Akatoa kalamu.

"Ulimpa jina gani?"

Mimi nilikuwa namwita mtoto jina nililolitoa kwenye riwaya moja, jina refu la binti wa mfalme, na Mama hakuwahi kuweza kulitamka. Sasa aliangalia sakafu, kisha akalitaja lile alilompa mtoto. Alitaja jina langu.

"Hilo si la huyu?" mchungaji akaniashiria.

"Ndilo lililokuja," Mama akasema, kwa hasira kidogo, kana kwamba tunambana. "Huyu miaka yote anazurura, sijui yuko Babati, sijui yuko wapi, kila nikipiga magoti ni jina hilo. Mdomo umezoea. Nilitaka kusema lingine, likatoka hilo. Na likishatoka na maji limetoka."

Ndivyo ilivyoandikwa.

Jumapili ya kumtangaza, kanisa lilijaa. Kwa utaratibu, aliye nje ya kundi hasogei mbele, kwa hiyo Mama ndiye aliyembeba mtoto, gauni jeupe limemfunika hadi miguuni, na wasimamizi wakamzunguka. Mimi nilikaa benchi la mwisho kabisa na fundi. Alikuwa amesugua kucha kwa petroli na bado zilikuwa nyeusi, na nyimbo zetu hazijui, akawa anaimba silabi ya mwisho ya kila mstari kwa nguvu.

Mchungaji akaeleza kwa ufupi. Hakutaja uji. Akainua mkono, akaliita jina la mtoto, kwa sauti kubwa, likagonga mabati na kurudi.

"Abee!" nikaitika.

Sikukusudia. Ukiitwa na mtu mzima unaitika, hivyo ndivyo nilivyolelewa. Kanisa lote liligeuka. Kwaya iligeuka. Fundi akashika kichwa. Kicheko kikaanza upande wa vijana, kikapita kwa wanawake, na mchungaji akajificha nyuma ya kitabu chake cha ibada. Mama peke yake hakugeuka, ila niliona kisogo chake kikisema mengi.

Kelele zikamwamsha mtoto. Akalia, kwanza kidogo, halafu kwa kifua chake chote kilichopona, na sala ikasomwa juu ya kilio hadi amina. Wasimamizi wakarudi kwenye nafasi zao. Mama alitakiwa kurudi kwenye benchi lake la pili. Badala yake akashuka katikati ya kanisa, wimbo ukiendelea, viatu vyake vya Jumapili vikigonga sakafu, akaja hadi kwetu nyuma.

"Shika," akasema. "Mkristo ana njaa."

Nikampokea, nikafungua vifungo, nikamnyonyesha pale pale. Mzee wa kanisa alikuwa akipita na kikapu cha sadaka. Alipotufikia akaangalia dari. Nilidhani Mama atarudi mbele. Benchi lake lilikuwa wazi, mkoba wake bado uko juu yake, wenzake wanageuka kumtafuta.

Akampiga fundi kikumbo cha nyonga.

"Sogea huko, wa magari," akasema, akakaa.